Tanga pananivuta, lakini kliniki ya mama iko Dar

Nilikwenda Tanga kwa kazi ya siku tatu, nikarudi Dar es Salaam na swali: kwa nini nisihamie kule?

Jiji ni tambarare, na baiskeli hupandwa na wakubwa kwa wadogo. Asubuhi moja nilipishana na bibi akiendesha taratibu, kapu la mboga nyuma. Mitaa ya Ngamiani ina namba, hivyo hata mgeni hapotei. Jioni nilitembea hadi Raskazone kupunga upepo wa bahari. Mimi ninayewahimiza wasomaji kufanya mazoezi, Dar hukaa saa mbili kwenye daladala bila kunyoosha mguu.

Nikampigia mama. Ana ugonjwa wa moyo, na kliniki yake iko Muhimbili. Tanga ipo hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, lakini daktari anayemfahamu yuko Dar, takriban kilomita 350.

“Tuhamie tu mwanangu, siku ya kliniki nitapanda basi,” alisema.

Namjua. Atapanda mara mbili, ya tatu ataahirisha.

Basi mwaka huu sihami. Ila siku hizi nashuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani, natembea.