Nani Alifanyie Kazi?

Nyumbani,
Jumapili jioni.

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku hatujambo, ila goti langu la kushoto siku hizi linatabiri mvua kabla ya redio. Baba yako kaniambia umeshapangiwa kituo: mtendaji wa mtaa, ofisi ya chumba kimoja, mhuri mmoja na foleni ya watu wanaotaka barua za utambulisho. Nikapiga kigelegele peke yangu jikoni. Kisha akaongeza kwamba wiki ya kwanza tu wamekuzomea mkutanoni kwa ajili ya mtaro uliokuwa umeziba hata kabla hujazaliwa. Hapo nikacheka, nikatafuta kalamu.

Wewe unanijua kama shangazi wa mkeka na ubuyu. Kazini waliniita "mama wa kikao". Niliajiriwa ukarani 1984, mwaka ambao halmashauri za wilaya zilirudi baada ya kufutwa 1972. Mihtasari tuliichapa kwa taipu na stensili, wino ukitupaka hadi viwikoni. Mji wetu ulipopewa halmashauri yake, nikahama na kabati langu la mafaili, nikaendelea kuandika vikao mpaka nikastaafu. Karani hapigi kura, wala haruhusiwi kuchangia hoja. Kazi yake ni kusikiliza na kuandika, na aliyesikiliza kwa miaka karibu arobaini hujua kitu.

Watu wakisikia baraza la madiwani wanawaza hotuba. Ni kweli zipo. Kila robo mwaka, siku ya kwanza madiwani husoma taarifa za kata zao. Siku ya pili mwenyekiti anaingia na joho, dua inasomwa, meza zinapigwa. Lakini mimi nilijifunza kuisubiri ajenda moja ambayo wageni wengi huitumia kutoka nje kupokea simu: "Yatokanayo na muhtasari wa kikao kilichopita." Pale ndipo mji unapoulizwa ulichoahidi kiko wapi.

Sasa nikuungamie kosa langu.

Nyuma ya soko letu kulikuwa na mtaro. Masika ikiingia, maji badala ya kuteremka mtoni yalipanda mabandani. Katika kikao kimoja diwani wa kata ile alisimama akasema maneno ya kuliza, jinsi akina mama wanavyouza mboga miguu ikiwa kwenye tope. Ukumbi mzima ukamuunga mkono. Nami nikaandika, tena kwa mwandiko niliojivunia: "Baraza liliagiza suala hilo lifanyiwe kazi."

Miezi mitatu ikapita. Kwenye yatokanayo pakasomwa: "Suala linaendelea kufanyiwa kazi." Robo iliyofuata: "Suala liko katika hatua mbalimbali za utekelezaji." Kila mara mwenyekiti anauliza kama muhtasari umekubaliwa, wajumbe wanaitikia, mimi nageuza ukurasa.

Masika ikaja. Usiku mmoja mama muuza dagaa akapoteza magunia matatu. Asubuhi alikuwa mlangoni kwangu, kanga imelowa hadi magotini. Hakupiga kelele. Aliomba tu asomewe kilichoandikwa kuhusu ule mtaro. Kikao kilikuwa cha wazi, sikuwa na sababu ya kumficha, nikamsomea mstari kwa mstari. Akanitazama kitambo, akauliza: "Sasa mama, nani alifanyie kazi?"

Sikuwa na jibu. Nikafungua mafaili usiku ule, nikaona mwandiko wangu umejaa maneno ya aina hiyo: hatua zichukuliwe, wananchi waelimishwe, eneo lisafishwe, suala lifanyiwe kazi. Kiswahili chetu kina ukarimu wa hatari, mwanangu. Kinakuruhusu kusimulia kitendo chote bila mtendaji kuonekana, na sentensi ikabaki tamu. Wahenga walituonya juu ya manahodha wengi. Hawakutuonya juu ya chombo kisicho na nahodha hata mmoja, ambacho abiria wote wanaamini kinaendeshwa.

Nilimwonyesha mkurugenzi, ambaye ndiye katibu wa baraza. Kamati inayohusika na mipango miji na mazingira ikakutana, safari hii mtaroni kwenyewe, wajumbe wamekunja suruali. Kwa robo tatu tulikuwa tukinong'onezana kwamba hiyo ni kazi ya wenye barabara, maana tangu TARURA ianzishwe 2017, barabara za mitaa na mitaro yake si zetu tena. Mhandisi wao alipoitwa akaja. Akapima, akachungulia, akasema mtaro ni mzima. Kilichouziba ni taka, na taka ni za halmashauri. Kizimba cha taka cha soko tulikiweka sisi wenyewe juu ya mdomo wa mtaro. Muda wote ule hakuna aliyekuwa amemuandikia barua mhandisi, wala aliyekwenda kutazama.

Kikao kilichofuata niliandika hivi: "Afisa Afya ahamishe kizimba cha taka kabla ya tarehe 30 Septemba, gharama itokane na kifungu cha usafi wa soko, na atoe taarifa kikao kijacho." Mhusika alininunia wiki nzima. Kizimba kilihama tarehe 27.

Ndiyo maana nakuandikia. Wewe ndiye katibu wa kamati ya mtaa, kalamu iko mkononi mwako. Kabla hujaandika azimio, uliza kwanza jambo ni la nani, maana mwananchi analeta kero moja tu wakati serikali ina milango kumi. Barabara kuu iko TANROADS, ya mtaani TARURA. Soko, stendi, machinjio na taka viko halmashauri. Atakuja mzee akuambie: "Kodi ya jengo nakatwa kwenye LUKU kila mwezi ninaponunua umeme, mbona taka zangu hazizolewi?" Usimjibu kwa mkato. Mweleze taratibu kwamba tangu 2021 kodi ya majengo inapita kwenye umeme, na kwamba ada ya taka ni mfuko mwingine. Hatafurahi, ila atajua pa kupeleka hasira yake.

Kisha tazama kalenda. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini bajeti hupikwa miezi mingi kabla, nayo hupita barazani kabla masika haijanyesha. Mafuriko ya Aprili hukuta sahani zimeshapakuliwa. Kwa hiyo kero ya mvua ipelekwe wakati wa jua: ikamilike mtaani, ipande Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ni mwenyekiti na mtendaji wa kata ni katibu, ifike kwa wataalamu kabla hawajafunga makadirio. Ukiileta na viatu vyenye tope, watakupa pole na chai.

Watakuja pia wanaotaka sheria kwa kila kitu. Diwani wetu mmoja alichoshwa na mbuzi waliokuwa wakitafuna miche ya barabarani, akadai sheria ndogo. Unajua safari yake: wananchi watangaziwe na watoe maoni, baraza lipitishe, Waziri aridhie, itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Kabla ya kuanza safari hiyo nikafukua kabati. Sheria ilikuwepo, na faini ndani yake. Kilichokosekana ni mtu wa kuwakamata mbuzi na zizi la kuwafungia. Tulikuwa tayari kuandika sheria ya pili kwa mbuzi ambao hawajawahi kukutana na ya kwanza.

Lakini usije ukageuza ushauri wangu kuwa fimbo. Kumwandika mtu na tarehe bila kifungu cha fedha ni kumtafutia lawama tu, na kesho atajifunza kukukwepa. Mapato ya ndani ya mji mdogo ni ushuru wa soko, leseni, stendi na vijisenti vingine, na humo humo asilimia 10 inatakiwa kwenda kwenye mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Zitakuwepo kero ambazo mwaka huu hazina fedha. Hizo nazo ziandike hivyo: "Kamati haitajenga kivuko mwaka huu kwa kuwa hakuna fedha, italeta ombi Oktoba." Utaogopa kulisoma hilo mbele ya watu. Nami niliogopa, na ndiyo sababu nilikimbilia "lifanyiwe kazi", kwa kuwa ni hapana iliyovishwa nguo za ndiyo. Yule mama angeambiwa hapana mapema, angehamisha magunia yake.

Kuhusu huo mtaro waliokuzomea kwa ajili yake, usiitishe mkutano mwingine kwanza. Nenda kautembee na mwenyekiti wako tangu unapoanzia hadi unapomwaga maji, uone unaziba wapi na kwa kitu gani. Kisha ndiyo uandike.

Nikija Idi nitaleta visheti, na nitaomba kuona daftari lako la vikao. Hotuba nitaziruka. Nitafungua kwenye yatokanayo.

Muuza dagaa bado yupo palepale. Masika iliyofuata maji hayakuingia bandani kwake, ingawa yaliibukia upande wa wauza mkaa, na tukaanza upya. Kila nikipita sokoni ananifungia fungu moja la ziada, lakini hanipi mpaka nimjibu. "Mama wa kikao," husema, ameshikilia karatasi, "mwaka huu ni nani?"

Wako akupendaye,
Shangazi