Ndiyo Niliyoitoa Mbele ya Bango

Nilidanganya kwenye kongamano la watafiti wa ubongo wa nzi. Hakuna aliyenibana. Niliulizwa swali jepesi, nikasema "ndiyo" pale nilipopaswa kusema "hapana".

Bango langu lilihusu nzi wa Mwamgongo, kijiji kilicho ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe. Ukitoka Kigoma mjini unapanda boti Kibirizi. Wengi wanakijua kwa dagaa. Mimi nilifuata michikichi. Pale akina mama wanapokamua mawese, makapi hulundikana na kuchacha, na vijinzi vyenye macho mekundu hujaa tele. Nilivitega kwa chupa za maji zenye ndizi mbivu ndani, mdomoni nimechomeka karatasi niliyoikunja kuwa faneli. Nzi akishaingia, njia ya kutokea haioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo tena nzi? Wachukue wote, usituachie hata mmoja."

Dai langu lilikuwa hili: nzi hao, niliowaita Drosophila melanogaster, wakipewa kuchagua ndani ya bomba lenye umbo la Y, huifuata harufu ya chikichi na kuiacha ya ndizi. Dai tamu. Asili ya nzi huyo ni Afrika, na mwaka 2018 watafiti walikuwa wameonyesha kwamba porini Zimbabwe huvutwa sana na matunda ya mng'ongo. Nikajiona nami nimeleta habari kutoka nyumbani kwake, tena zikiletwa na mtoto wa nyumbani.

Akaja dada mmoja, mwanafunzi Mkenya, akasoma bango lote bila haraka, jambo ambalo makongamanoni ni nadra. Akauliza, "Kaka, madume uliwakagua kwa hadubini?"

Swali lilikuwa na uzito wake. Melanogaster ana ndugu yake, Drosophila simulans, na majike ya hao wawili karibu hayatofautishiki. Madume ndiyo hufichua: pembeni mwa kiungo cha uzazi kuna kipande ambacho kwa simulans ni kikubwa na cha mviringo, kwa melanogaster ni chembamba na kidogo. Na kwenye utafiti wa harufu, kukosea spishi ni kukosea kila kitu. Huko Shelisheli yupo ndugu mwingine, Drosophila sechellia, anayeishi kwa tunda la mnoni ambalo kwa nzi wengine ni sumu. Seli zake za kunusia zenyewe zimebadilika zikaendana na tunda hilo. Ukichanganya ndugu hawa chupa moja umechanganya pua tofauti, kisha unatangaza wastani wa pua isiyo ya yeyote.

Nilikuwa nimekagua chupa ya kwanza tu. Zilizofuata nilizipitisha kwa macho matupu, kwa sababu kukagua madume ni kazi ya muda na boti ya kurudi Kigoma haingoji mtu. Kutojua si kisingizio: hatua hiyo nilifundishwa Ishaka, Uganda, ambako mafunzo ya neva za wadudu yalianza mwaka 2011.

"Ndiyo," nikamjibu. Akaandika kwenye daftari lake. Kuliona lile jibu likiandikwa kuliniuma kuliko kulitamka.

Alasiri hiyo mzungumzaji alionyesha ramani ya ubongo wa nzi jike iliyochapishwa Oktoba 2024: seli za neva 139,255, kila moja imefuatiliwa inakoungana na nyingine. Ukumbi ulipiga makofi. Nilipiga nami, mtu ambaye hata jina la nzi wake hakuwa na hakika nalo.

Niliporudi nilitoa kabatini chupa za nzi niliowahifadhi kwenye spiriti, nikaanza kugeuza madume kwa sindano, mmoja mmoja. Simulans walikuwemo kwa wingi, hasa katika chupa za msimu wa mvua, zile zile zilizobeba matokeo yangu mazuri. Nilipowatenga madume wa melanogaster peke yao, mvuto wa chikichi ulififia hadi nisiweze kuudai.

Nilimwandikia yule dada, nikataja na uongo wenyewe, si kosa la hesabu tu. Alijibu kwamba alikwisha kuanza jaribio lake kwa kufuata langu, na akaomba nimtumie takwimu za madume zilivyo, bila kuzipamba. Nilizituma. Waandaaji nao niliwaomba waliondoe bango langu kwenye orodha, lakini kijitabu cha mihtasari kilikuwa kimeshachapwa na kugawiwa, na humo bado linasomeka kwa jina langu.