Ukuta Mmoja, Rangi Mbili

Akina mama wenzangu, baba watoto alitaka sebule yetu hapa Ikola ipakwe bluu iliyokoza, na hoja alikuwa nayo: vumbi na mikono iliyotoka kula migebuka huuchafua ukuta mweupe siku hiyo hiyo. Mimi muuguzi nilitaka rangi ya maziwa. Ukuta mweupe hurudisha mwanga, uliokoza huumeza. Usiku mtoto akishikwa na homa, nataka nione vema kwa taa ndogo ya sola kama viganja vyake vimepauka. Tena mbu wa malaria akishashiba damu mara nyingi hutua ukutani. Penye weupe utamwona, ingawa chandarua kinabaki palepale.

Tuliiga zahanati na madarasa mengi ya nchi yetu: chini, kama mita 1 hivi, rangi ya mafuta iliyokoza, inayofutika kwa maji ya sabuni, juu, rangi nyeupe ya maji.

Dada, kabla hamjanuniana, tazameni mikono ya watoto inafika wapi ukutani. Hapo rangi ya baba iishie, ya mama ianze.