Chupa Zinazolala

Uchaggani nyumba hazijengwi kwa ajili ya siku za kawaida. Zinajengwa kwa ajili ya Desemba. Ukipanda kutoka Himo kwenda Marangu, ama kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho au Uru, utaziona kandokando ya barabara: majumba mazuri katikati ya migomba, madirisha ya vioo vya giza, geti la chuma, na mzee mmoja mlinzi anayeota jua. Miezi kumi na moja mwenye mali yuko Dar es Salaam, Arusha au Nairobi. Ikikaribia Krismasi magari yanapanda mlima kwa foleni, mbuzi wanachinjwa, na kila mwenye nyumba anamtembeza jirani yake chumba kwa chumba. Hapo ndipo mashindano yanapopamba moto. Mwaka mmoja sifa ni vigae vya sakafuni, mwaka wa pili ni jiko la kisasa. Desemba ya 2022 baba yangu mdogo aliteremka garini na jambo ambalo pale kijijini kwetu, upande wa Vunjo, hatukuwahi kulisikia. Alitaka chumba cha mvinyo chini ya ardhi.

Mwenyewe alikiita "sela". Alikuwa amekiona kwenye safari za kikazi Afrika Kusini, akaonjeshwa mvinyo wenye umri wa miaka kumi na miwili, akarudi si yule tena. Sisi masikioni mwetu tukasikia "selo", na shangazi akauliza pale pale mbele ya wageni ni nani anayetaka kufungwa. Watu wakacheka sana. Baba mdogo hakucheka.

Kazi ya kuchora nilipewa mimi, kwa kuwa ndiye fundi mchoraji pekee katika ukoo, na kwa kuwa mtoto wa kaka hadai malipo kwa baba yake. Alinionyesha mahali kwa kidole. Palikuwa ni pale pale penye kibanda cha bibi cha kupikia mbege.

Ndugu msomaji, kama hukuzaliwa kwenye kihamba huenda hunielewi, basi nikueleze. Kihamba si shamba tu. Ni migomba, kahawa, banda la ng'ombe, mfongo unaoleta maji kutoka juu msituni, nyumba ya walio hai na makaburi ya waliotangulia, vyote ndani ya mpaka mmoja uliopandwa masale. Babu yangu amelala hatua tano kutoka kwenye kibanda kile. Kaburi lake halina msalaba wa marumaru, lina masale tu, na masale hayo bibi ndiye anayeyapunguza kila mwaka. Baba mdogo alitaka shimo la kwenda chini mita tatu. Kwa hesabu ya haraka, ukichimba mita tatu hapo, na udongo wetu huu laini wa volkano, ukuta wa shimo unakuwa jirani kabisa wa babu.

Na kibanda chenyewe je? Kwa macho ya mtu wa mjini ni vibati vilivyopigwa kutu juu ya kuta za mbao nyeusi kwa moshi. Lakini humo ndani ndimo ilimotoka ada ya shule ya baba mdogo, kata kwa kata, siku ya soko hadi siku ya soko. Yeye anajua. Nilipomkumbusha alisema, "Ndiyo maana nataka pawe pazuri." Sijui kama unaweza kumjibu mtu aliyesema hivyo.

Basi nikaamua nisiende kwake na maneno ya makaburi, maana hayo angeyapangua kwa padri na sadaka ya mbuzi. Nikaenda na hesabu.

Chumba cha mvinyo kinataka mambo machache, na lote la kwanza ni ubaridi usiobadilika. Wanaojua wanasema nyuzi joto 12 au 13 ndizo nzuri, na isizidi 15. Pili giza, maana mwanga unaharibu. Tatu unyevu wa wastani, asilimia 60 hadi 70 hivi, ili kizibo cha gome kisikauke kikapitisha hewa. Ndiyo sababu chupa zinalazwa ubavu, mvinyo uendelee kukigusa kizibo. Nne utulivu, pasiwe na mtikisiko wa jenereta wala mashine ya kusaga.

Sasa, kwa nini Wazungu wanachimba? Si kwa sababu shimo lina ubaridi wa kimiujiza. Ardhi ukienda chini kidogo inashika wastani wa joto la mahali hapo kwa mwaka mzima, kiangazi na baridi ikichanganywa. Kule Reims, Ufaransa, kwenye mapango ya chokaa wanakolaza mvinyo wa champagne, wastani huo ni kama nyuzi 10 au 11. Mfaransa akichimba, anakuta friji imeshawashwa. Lakini Moshi mjini, kwenye mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari, wastani wa mwaka ni kama nyuzi 23. Chimba hadi ukutane na shetani, hutapata 13. Utapata 23 iliyotulia vizuri.

Kwetu ni juu zaidi, karibu mita 1,500. Kila ukipanda mita mia, joto linapungua kama nyuzi 0.6. Nikapiga hesabu: tunabaki na 19. Ili ufike 13 bila umeme inabidi upande mita elfu moja zaidi, yaani upite migomba ya mwisho, uingie msituni, ukakaribie Mandara, kile kituo cha wapanda mlima kilichoko kama mita 2,700. Kwa maneno mengine, sela ya baba mdogo ipo, Mungu ameshaitengeneza, tatizo iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro na walinzi wa hifadhi wana bunduki.

Hesabu za karatasi haziaminiki kwa mtu aliyefika Afrika Kusini. Kwa hiyo nilichimba shimo la mita moja nyuma ya banda, nikateremsha chupa ya maji yenye kipimajoto ndani yake, nikafunika kwa ubao na majani ya mgomba. Wiki nzima nilisoma asubuhi na mchana. Asubuhi 18 na nusu. Mchana, jua likiwa kali hadi kuku wanakimbilia kivulini, 19. Halikucheza zaidi ya hapo.

Hapa ndipo nilipopata kitu kilichonifurahisha mimi mwenyewe, kama mchoraji. Huko kwao wanakwenda chini sana kwa sababu tofauti ya Julai na Januari ni kubwa, na joto la kiangazi linazama polepole ardhini. Sisi tuko karibu na ikweta. Julai yetu na Januari yetu zinatofautiana kidogo tu. Adui wetu ni mchana na usiku, na huyo udongo wa mita moja unamtosha. Kwa hiyo mita tatu za nini? Hakuna haja ya shimo kabisa. Unakata mteremko, unaingiza chumba ubavuni mwa mlima, udongo unakikumbatia pande tatu na juu, na unaingia kwa mlango kama mtu mstaarabu, bila ngazi.

Baba mdogo hakukubali haraka. "Babu zetu walichimba," alisema. "Kwani mapango unayasahau?"

Siyasahau, nimeyaingia. Pale Marangu na Mamba yapo mahandaki ambayo Wachagga waliyachimba zamani za vita, wakijificha Wamasai na wakijificha wao kwa wao, maana mangi wa huku na mangi wa kule walikuwa hawapatani. Unaingia kwa kuinama, njia ni nyembamba ili adui aje mmoja mmoja, kisha pakapanuka pakawa na vyumba vya watu na vya ng'ombe. Wanasimulia kwamba udongo ulibebwa ukamwagwa mtoni ili adui asione lundo akajua kuna watu chini. Hiyo ndiyo ramani ya chini ya ardhi ya kwetu, na kwa kweli inanishinda heshima kila nikiifikiria. Lakini ilichorwa na hofu. Nilimwambia, "Baba, wale walikuwa wanaficha watoto. Wewe unaficha nini?" Akanitazama muda mrefu, akaagiza bia.

Yaliyomshinda mwisho ni maji. Masika yetu, Machi hadi Mei, si mvua ya kuchezea. Upande huu wa kusini wa mlima ndio unaopokea nyingi. Shimo la mita tatu chini ya mfongo litakuwa kisima. Nikamchorea kwa rangi ya bluu namna maji yatakavyopita chini ya sakafu. Na unyevu kwetu hautakuwa pungufu, utazidi: vizibo vitakuwa salama, ila karatasi za chupa zitaota ukungu na hutajua tena upi ni wa Dodoma na upi wa wapi. Ikabidi ramani iwe na ukuta wa mawe wa nje uliopakwa lami, kokoto na bomba la kutolea maji nyuma yake, na matundu mawili ya hewa, moja chini karibu na sakafu, jingine juu upande wa pili, ili hewa nzito ya baridi iingie na ya joto itoke. Mlango usitazame magharibi. Rafu ni za chupa 120, wala si elfu kama alivyotaka.

Nilimuuliza pia anataka kulaza mvinyo gani. Akataja wa Dodoma kwanza, na hilo lilinipendeza. Zabibu za kule, tangu wamisionari wa Bihawana walipoanza nazo miaka ya 1950, zimekuwa fahari yetu ya namna yake: nchi kavu ile inavuna mara mbili kwa mwaka. Lakini mvinyo wake mwingi unatengenezwa unywewe ungali kijana. Kwa nyuzi 19 zisizoyumba utakaa mwaka au miwili bila kulalamika. Ule wa kusubiri miaka kumi na miwili ndio utakaozeeka kabla ya wakati. Nikamwambia, chumba hiki ni cha kuwekea, si cha kurithisha.

Bibi alikuwa ameketi anachambua ulezi muda wote huu. Anaelewa Kiswahili chote ingawa anajibu kwa Kichagga akichoka. Aliniita baadaye kibandani. Mle ndani nilikaa kama mtu aliyekuja kupima, na nikapima kweli. Dirisha hakuna. Pipa limesimama kona ya mbali na mlango, limevishwa majani makavu ya mgomba. Kona hiyo ina nyuzi 25, na kipindi cha Juni na Julai, mawingu yakitulalia wiki nzima, bibi anaweka makaa karibu ili isishuke. Hana kipimajoto, anatia kiganja. Ndizi mbivu zinachemshwa hadi zinakuwa nyekundu, zinaachwa siku kadhaa zichache, zinachujwa. Ulezi unaoteshwa, unakaushwa, unasagwa, unapikwa uji. Gome la msesewe linatia uchungu. Ukishachanganya, kesho yake unaita watu. Ukikawia siku mbili tatu imeshakuwa chachu kali, hainyweki.

"Hizo chupa zinalala muda gani?" akaniuliza.

Nikamwambia nyingine mwaka, nyingine miaka kumi.

"Na zikiamka, nani atakuwepo?"

Nikanyamaza. Bibi amepita miaka themanini. Akaendelea kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayezungumzia bei ya chumvi, kwamba mbege inakulazimisha. Imeiva leo, leo hii upige kelele mpaka kwa jirani uliyegombana naye, maana pipa zima huwezi kulimaliza peke yako. Kisha akaniambia nimsaidie kusogeza kuni.

Ramani niliyompa baba mdogo ina kibanda cha bibi mahali pake, na mstari mwekundu kuzunguka masale ya babu wenye maneno "pasiguswe". Chumba cha mvinyo kiko juu zaidi, ubavuni mwa mteremko nyuma ya nyumba kubwa. Alisaini bila kusema kitu. Mafundi walianza Septemba 2023, baada ya udongo kukauka, kwa mawe meusi yaliyopasuliwa kijijini kwetu hapo hapo.

Kuta zilipofika juu bibi alipanda kukiona, akishikilia fimbo. Akaingia, akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo. "Ndizi hazitaiva humu," akatoa hukumu, akatoka nje.

Sasa kimebaki mlango. Baba mdogo anataka wa chuma wenye makufuli mawili. Fundi seremala anasema chuma kitaleta joto ndani na kutu juu yake, afadhali mbao nene za mringaringa, na kitasa kimoja kinatosha. Nimechora yote miwili. Jibu kutoka Dar es Salaam bado halijaja.