Mnada na Haki ya Mwenye Kukaa

Wapo wanaonunua nyumba ili walale ndani yake, na wapo wanaoinunua ili ilale mpaka bei ipande. Minada yetu haiwatofautishi. Nalisema hili kwa kuwa nimesimama mnadani.

Mwaka jana nilitoka kwetu Ivuna, nikapanda Tunduma kugombea nyumba ya vyumba vitatu. Ilikuwa dhamana ya mkopo uliomshinda mwenyewe, na sasa ilikuwa mali ya taasisi ya umma. Nilikusudia kuwahamishia humo wazazi wangu: baba anahitaji kuwa karibu na hospitali, na safari ya kutoka bondeni humchosha kuliko ugonjwa wenyewe. Dalali alisoma masharti: robo ya bei papo hapo, salio ndani ya siku 14. Mkopo wangu wa utumishi ulikwisha kuidhinishwa, lakini fedha zingetoka baada ya mwezi. Nyundo ikagongwa kwa bei niliyoimudu. Kilichonishinda ni kalenda. Miezi minne baadaye nyumba ile ilikuwa bado na kufuli, ikitafutiwa mnunuzi mwingine kwa bei ya juu zaidi. Baba angali anasafiri.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 133, inamtaka anayeuza dhamana atafute bei bora inayoweza kupatikana. Siipingi kinga hiyo: aliyepoteza nyumba asipoteze na thamani yake. Lakini taasisi ya umma ikishakuwa mmiliki, haiuzi tena dhamana ya mtu. Inauza mali ya wananchi, na yapasa ijiulize itamfaa nani.

Kipaumbele kwa wakaaji tumewahi kukijaribu. Kuanzia mwaka 2002 Serikali iliwauzia watumishi nyumba zake kupitia Wakala wa Majengo. Kilio kilichofuata, hadi bungeni, kilikuwa kwamba bei zilikuwa za chini mno na Serikali ikabaki na uhaba wa makazi ya watumishi wake.

Nchini Marekani, Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji inapouza nyumba zilizoangukia mikononi mwake kwa mikopo isiyolipwa, hutenga siku za mwanzo kwa ajili ya watakaoishi humo na mashirika yasiyo ya faida. Mnunuzi mkaaji hutia saini kwamba atakaa humo walau miezi 12, na anayedanganya hukabiliwa na sheria. Wenye mitaji hukaribishwa baadaye.

Somo ni hili: sisi tulitoa upendeleo wa bei, wenzetu hutoa upendeleo wa muda, kisha wakadai ukaazi. Kwa hiyo napendekeza kila taasisi ya umma inayouza nyumba ya makazi itenge siku 30 za mwanzo kwa mwenye kukaa. Bei isishuke chini ya tathmini, salio lisubiri mkopo ulioidhinishwa kwa siku 60, na hati isihamishwe tena kabla ya mwaka kupita.

Hazina haipotezi shilingi. Mwenye mtaji anatakiwa subira ya mwezi mmoja tu.