Kiungo Huiva kwa Miaka

Nimetundika daluga, na swali ninaloulizwa kuliko mengine hapa Nyamianda, Uvira, ni mabao mangapi nilifunga. Nilikuwa kiungo wa kati. Mabao yangu ni machache na sioni haya kulisema, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuupokea mpira katikati ya watu na kuutoa ukiwa salama kuliko ulivyonifikia. Habari za utoto hazihitaji kurasa nyingi: nilikulia kati ya milima na ziwa, nikacheza na wavulana kwenye changarawe inayoteremshwa na mito, wakubwa wakanikataza, nikaendelea, nikavuka mpaka wa Kavimvira kufuata timu, na baadaye nikalipwa, pale walipokumbuka kulipa. Ninaloandika hapa ni jambo moja nililobishania na makocha kwa miaka yote ya kazi: kiungo huchelewa kuiva kuliko mshambuliaji, na Kongo inawapoteza viungo wake wa kike kwa kuwaacha waondoke wakiwa wabichi. Vipaji tunavyo tele.

Mtazamaji huangalia miguu, lakini kazi ya kiungo inaanzia shingoni. Beki anapojiandaa kutoa pasi, kiungo aliyefundishwa hugeuza kichwa kwenye bega la kulia, kisha la kushoto. Mpira ukiwa njiani huangalia tena, mara moja na kwa haraka, kwa kuwa mkabaji amekwisha kusogea. Macho hurudi kwenye mpira ukibaki mita moja au mbili, mwili ukiwa umefunguka nusu, na mguu wa mbali ndio unaopokea. Mguso huo mmoja humgeuza aelekee lango la wapinzani. Ambaye hakuangalia hupokea akiwa amelipa mgongo lango hilo, naye hana la kufanya ila kumrudishia beki au kunyang'anywa. Profesa Geir Jordet wa Norway alichambua picha za video za wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza, wakiwemo viungo, akawahesabia kila walipogeuza kichwa kabla ya kupokea. Waliokuwa wakiangalia mara nyingi zaidi ndio waliofikisha pasi nyingi zaidi, na Frank Lampard alikuwa juu kabisa miongoni mwao. Lakini kwetu, msichana akigeuza kichwa anapigiwa kelele: macho kwenye mpira! Makocha wanaotetea kelele hiyo wana hoja yao, kwamba viwanja vyetu vina mashimo na mawe, mpira unaruka ovyo, na asiyeutazama ataupoteza. Nimeipima hoja hiyo kwa muda mrefu na naona inawageukia wao wenyewe. Kwa sababu uwanja ni mbaya, hatua ya mwisho ya mpira itayadai macho yako yote. Basi habari za nyuma yako huna budi kuzichukua mapema, mpira ungali kwa beki. Mchezaji wa kwenye nyasi laini anaweza kuchelewa kuangalia akasalimika. Wa Uvira hana nafasi hiyo.

Kugeuza shingo mtu hujifunza kwa wiki chache. Kuelewa ulichokiona ndiko kunakochukua miaka, maana ndani ya nusu sekunde unatakiwa kujua kwamba yule winga amesimama kwa kuchoka wala si kwa hila, au kwamba beki wao wa kati anaogopa mguu wake wa kushoto. Mshambuliaji wa miaka 17 mwenye mbio anaweza kushinda mechi kwa mbio zake. Kiungo wa umri huo bado anasoma alfabeti. Ballon d'Or ya wanawake, kuanzia 2021 hadi 2025, ilikwenda kwa viungo wawili tu wa Barcelona: Alexia Putellas mara mbili, Aitana Bonmatí mara tatu. Atakayeniambia Bonmatí alikuwa na miaka 25 tu alipoipata ya kwanza, ahesabu pia kwamba aliingia klabu hiyo akiwa na miaka 14, na kwa miaka 11 hakuna aliyemwambia arudi nyumbani. Mfano wa karibu zaidi, na unaotuuma zaidi, ni wa Rabat mwezi Julai 2025, katika Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake. Morocco ilitufunga 4 kwa 2, na mabao matatu yalifungwa na Ghizlane Chebbak, kiungo, nahodha, mwenye miaka 34. Mwaka huohuo alitangazwa mchezaji bora wa kike wa Afrika. Katika umri ambao kwetu mwanamke hata haulizwi tena kama aliwahi kucheza, yeye alikuwa anavuna.

Tuitazame timu yetu wenyewe. Mwaka 1998, Nigeria, Kongo ilishika nafasi ya tatu Afrika. Baada ya fainali za 2012 hatukuonekana tena hadi hizo za Morocco, ambako tulipoteza mechi zote tatu na kufungwa mabao tisa. Msichana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 2012 alikuwa na 33 mwaka 2025. Umri wake wote wa kuiva ulipita bila fainali hata moja, na nani angemlaumu kwa kuacha? Hapa Uvira ongeza mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020, ongeza ziwa lililopanda na kumeza viwanja vya ufukweni, ongeza vita. Lakini nakataa kuvitwisha vita kila kitu. Burundi, ng'ambo tu ya Ruzizi, nayo imepitia vita na ufukara, na mwaka 2022 ilifika fainali hizo kwa mara ya kwanza, ikiwa na kiungo Joëlle Bukuru, aliyekuwa akichezea Simba Queens ya Dar es Salaam.

Najua nitajibiwa kwa jina la Mazembe. Ni kweli, Novemba 2024 wanawake wa TP Mazembe ya Lubumbashi waliifunga AS FAR ya Morocco 1 kwa 0 mjini El Jadida, kwa penalti ya Marlène Kasaj, wakawa mabingwa wa klabu za Afrika na kupata dola 600,000. Nililia kwa furaha. Lakini ushindi ule unanithibitishia ninachosema: klabu yenye fedha iliwaweka wachezaji pamoja, ikawalipa, wakaelewana. Lubumbashi moja haiwezi kuwabeba wasichana wa nchi nzima. Mwaka 2017 chama cha wachezaji duniani, FIFPRO, kilihoji wanawake zaidi ya 3,000. Karibu nusu hawakupata mshahara wowote kutoka klabu zao, na 90 kati ya 100 walisema huenda wakaacha mapema. Miongoni mwa hao wamo viungo wabichi ninaowasema.

Pingamizi la mwisho ni la wazee, nami nalijibu kwa heshima: mwanamke akishaolewa na kuzaa, mpira basi. Mbona mama wa Uvira akijifungua anarudi kuuza ndagala zake, na hakuna anayemwambia biashara imemwisha? Tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zinampa mchezaji mjamzito likizo isiyopungua wiki 14, kwa theluthi mbili za mshahara, na zinaikataza klabu kumfukuza kwa sababu ya mimba. Kanuni hiyo inamlinda mwenye mkataba ulioandikwa. Wengi wetu tulicheza kwa ahadi za mdomo na posho ya mechi, na viongozi walioahidi wapo, wanajijua, sina haja ya kuwataja. Kwa hiyo, wadogo zangu, kabla hamjashangilia jezi mpya daini karatasi: miaka mingapi, mshahara kiasi gani, ukiumia nani analipa hospitali, ukishika mimba unarudi lini. Ikiwa kwa Kifaransa na hukuelewa, mtafute mtu akusomee, usitie saini siku hiyohiyo. Na msikubali mkataba wa msimu mmoja kwa nafasi ya kiungo, daini wa misimu mitatu.