Vijiwe Vyeupe vya Songo Mnara

Msafiri atokaye Kilwa Masoko kwa mashua hukiacha nyuma kisiwa cha Kilwa Kisiwani, akaelekea kusini katikati ya mikoko hata afike Songo Mnara. Ikiwa maji yamekupwa, hana budi kukunja suruali na kuvuka matope kwa miguu kabla ya kuuona ukuta wa mji.

Wageni wengi huja kutazama majumba ya matumbawe na chokaa, pamoja na misikiti mitano. Mji huo ulistawi katika karne ya 14 na ya 15, kisha ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 16. Kwangu mimi, la ajabu zaidi liko mahali pasipo na jumba: uwanja mpana wa katikati, wenye msikiti mdogo uliozungukwa na makaburi. Watu wa Songo Mnara hawakuwatenga wafu wao. Waliwapa kiwanja ambacho majirani, watoto na wageni walikipita kila siku.

Wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, walioanza kazi hapo mwaka 2009, walikuta penye makaburi sarafu za shaba za Kilwa, shanga na vijiwe vyeupe. Ni alama za watu waliokuja kuzuru.

Mayahudi nao wana desturi ya kuweka kijiwe juu ya kaburi walilolizuru. Sisemi kwamba mmoja alimwiga mwenziwe. Huko Los Angeles, Marekani, yako makaburi ya Kiyahudi yaitwayo Hillside, walikozikwa waimbaji, waigizaji na wachekeshaji wengi, akiwemo Jack Benny aliyefariki mwaka 1974. Kaburi mashuhuri kuliko yote ni la mwimbaji Al Jolson, aliyefariki mwaka 1950: kuba juu ya nguzo sita, na maji yakiporomoka mteremkoni, hata wenye magari huliona kutoka barabara kuu. Jolson alijipatia sifa kwa kujipaka rangi nyeusi usoni akiigiza watu weusi. Aliyelibuni kaburi lake ni Paul R. Williams, msanifu majengo mweusi. Dunia ina mambo!

Songo Mnara hakuna kuba wala maporomoko. Mengi ya makaburi yale hayana hata herufi moja. Kama yumo mpiga zumari au tajiri mwenye jumba, mgeni hamtofautishi. Waliowajua waliwaachia kijiwe, wakaenda zao.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya ukarabati mkubwa. Bahari, hata hivyo, haisomi orodha. Kilwa Kisiwani, makaburi yaitwayo ya Masheikh Arobaini yako karibu na ufuko unaoliwa na mawimbi.

Kisiwani humo zimejengwa kingo za mawe yaliyofungwa kwa nyavu za waya, na mikoko imepandwa. Lakini mkoko ndio boriti ya nyumba zetu za pwani, tena ndio kuni ya kuchomea chokaa, na mwenye kujenga hawezi kulaumiwa kwa kutaka paa. Mche wake haununuliwi: huanguka kutoka kwa mama yake, ukajisimika topeni. Unachohitaji ni miaka kadhaa bila shoka.